Uvimbe Saizi ya Harage

Ukibahatika kuziona karatasi za rufaa zinazoteremka kutoka zahanati za mlimani kuja Moshi mjini, utadhani umeingia soko la Mbuyuni. Uvimbe titi la kulia, saizi ya harage. Uvimbe saizi ya ndimu. Uvimbe saizi ya yai la kuku, mgumu kiasi. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, wala si daktari. Karatasi hizi hunisomea rafiki yangu mmoja aliye daktari, jina la mgonjwa akiwa amelifunika kwa kidole gumba, kwa kuwa anajua zinavyonikera. Fundi akiona kipimo huuliza kifaa kilichopimia. Harage lipi? Lile dogo la njano, au lile jekundu refu la kwenye makande? Kavu, au lililolala kwenye maji usiku kucha? Na huo ugumu wa "kiasi", aliyeuandika alikuwa amekandamiza kwa nguvu gani?

Naomba mtu asimcheke mwandishi wa karatasi hiyo. Muuguzi aliyeandika "harage" amefanya kazi kubwa kuliko maandishi yanavyoonyesha. Amemtuliza mama wa watu, amemlaza, amepapasa titi zima mpaka kwapani, na katikati ya nyama laini ameisikia tofauti chini ya vidole vyake. Baada ya hapo amepewa mstari mmoja wa kuandikia. Daktari anayeipokea karatasi wiki kadhaa baadaye hawezi kujua kama uvimbe anaoushika yeye umekua, umebaki vilevile, au ni mwingine kabisa. Mikono miwili imemgusa mgonjwa mmoja na haikuambiana kitu.

Nayasema haya kwa sababu kuna teknolojia nimekuwa nikiifuatilia kwa muda: kupiga picha nyama laini za mwili kwa kuzigandamiza na kusoma mgandamizo. Haitumii mionzi wala sumaku. Unagusa tu, ila unagusa kwa kifaa chenye vihisi vingi, na kompyuta inachora ramani ya mahali palipo pagumu. Wauzaji huinadi kama mkono ulioboreshwa, unaohisi kuliko daktari. Mimi nadhani wanaisifia kwa jambo lisilo lake. Mkono wa muuguzi wetu unahisi vya kutosha. Ila hauandiki, na hapo ndipo kifaa hiki kina kazi.

Kwa upande wa kuhisi, kusema kweli, vidole vina maajabu. Kila sentimita moja ya mraba ya ncha ya kidole ina nyuzi za neva za mguso zaidi ya 200. Zingine huamka unapogusa na unapoachia, zingine hutoa taarifa muda wote unapokandamiza, na zingine hushtuka kwa mtetemo tu. Mwaka 2013 watafiti wa Stockholm walitengeneza nyuso zenye mikunjo midogo mno, wakawapa watu wapapase. Vidole viliweza kutofautisha uso ulionyooka na uso wenye mikunjo ya kimo cha nanomita 13 hivi, wakati unywele mmoja wa kichwani una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Na Ardem Patapoutian, aliyegawana Tuzo ya Nobeli ya tiba na David Julius mwaka 2021, sehemu yake ya tuzo ilitokana na kuzigundua protini zinazogeuza mgandamizo kuwa umeme wa neva. Vihisi tunavyo tangu kuzaliwa, na havihitaji kuchajiwa.

Wala kupapasa uvimbe si jambo la jana. Kuna karatasi ya mafunjo ya Misri ya kale, iliyonakiliwa miaka 1600 hivi kabla ya Kristo, ambayo Mmarekani Edwin Smith aliinunua Luxor mwaka 1862. Mle ndani mganga anaelekezwa kuweka mkono juu ya uvimbe wa titi, kusikia kama una joto au baridi, na kuangalia umejitokeza vipi. Kwa aina moja ya uvimbe uliotuna, mwandishi anakiri kwamba hakuna tiba. Aliyeandika hayo alikuwa amewashika wagonjwa wa kutosha kujua ni yupi hataponyeka, na akaona ni vyema aliyemfuata alijue hilo kabla hajaanza.

Upande wa Kibosho kuna mkunga ambaye lazima nipite kwake kila nikitumwa kule kuangalia friji ya chanjo. Ni mtu mzima, amezalisha mama na baadaye akazalisha binti wa mama huyohuyo. Nilipomwomba anionyeshe anavyopima mimba, alimwomba kwanza ruhusa mama aliyekuwa kitandani, akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto. "Mkono wa baridi unakaza tumbo," akaniambia, "na tumbo likikaza hulisikii tena." Akaweka mikono yote miwili juu kabisa ya tumbo, chini ya mbavu, akatikisa kidogo. Matako, akasema. Nikamuuliza amejuaje si kichwa. "Kichwa ukikisukuma kinacheza chenyewe, shingo inakiruhusu. Matako ukiyasukuma mtoto mzima anakuja." Akateremsha mikono pembeni: upande mmoja mgongo, mrefu na laini bila mabonde, upande mwingine vigoti na viganja vinavyomkwepa. Mwisho akashuka mpaka juu ya nyonga, kwa vidole gumba na vya shahada, akakishika kichwa chenyewe.

Hatua hizo nne zinaitwa kwa jina la Leopold, daktari wa Kijerumani aliyezieleza mwishoni mwa karne ya 19, na kila mkunga nchini amezifanyia mtihani. Ila kilichonivutia zaidi ni alichofanya baada ya kunawa. Alichukua kadi ya kliniki ya yule mama na kujaza: kimo cha mimba kwa wiki, mlalo wa mtoto, kitangulizi, mapigo ya moyo. Sekunde chache tu. Yule mama akishikwa na uchungu akiwa kwa shemeji yake mjini na kukimbizwa hospitali ya Mawenzi, mkunga wa zamu ataisoma kadi na kujua mikono ya Kibosho iliona nini mwezi uliopita. Kupapasa kumekuwa taarifa inayosafiri, kwa sababu tu mtu alikaa chini zamani akaamua ni mambo gani yaandikwe na kwa mpangilio upi.

Titi halina kadi ya namna hiyo. Madaktari bingwa wana utaratibu wao, bila shaka, wa kulichukulia titi kama uso wa saa: uvimbe uko saa ngapi, sentimita ngapi kutoka kwenye chuchu. Ni utaratibu mzuri mpaka ufike kwetu. Niliwahi kuonyeshwa karatasi imeandikwa "titi la kushoto, saa 2". Sasa Mtanzania aliyevaa saa ya mkononi, ikifika saa mbili asubuhi, mshale mfupi unaelekea kwenye 8. Kwa hiyo aliyeandika alimaanisha 2 ya kwenye uso wa saa, yaani juu kuelekea kwapani, mahali ambapo saratani nyingi za titi huanzia? Au alimaanisha saa mbili yetu, ambayo mshale uko chini kuelekea kifuani? Tofauti ya saa sita kwenye duara ni upande wa pili kabisa. Huwezi kukosea zaidi ya hapo hata ukijitahidi.

Basi turudi kwenye kifaa. Unagandamiza nyama kwa kitu bapa kilichopangwa vihisi vidogo vingi, kila kimoja kikisoma mgandamizo wa mahali pake. Kama chini kuna nyama ya aina moja, namba zinakaribiana. Kama kuna kitu kigumu, nyama iliyo juu yake haina pa kukimbilia, inabanwa katikati, na namba za hapo zinapanda. Zipake rangi, buluu kwa ndogo na nyekundu kwa kubwa, na picha umeipata. Mgandamizo wenyewe hupimwa kwa kilopaskali, na kilopaskali moja ni kama kuweka uzito wa gramu 10 juu ya sentimita moja ya mraba. Mafuta ya mwilini ni laini sana, ugumu wake ni wa kilopaskali chache tu ukiyagusa taratibu. Saratani iliyokwisha kupenya inaweza kuwa ngumu mara kadhaa kuliko nyama inayoizunguka, wakati mwingine zaidi ya mara 10. Tofauti ya aina hiyo ni kubwa kuliko nyingi zinazoonekana kwenye eksirei, na ndiyo inayofanya mama agundue uvimbe mwenyewe akiwa anaoga.

Shida ni kina. Jiwe likiwa chini ya godoro jembamba utalisikia mgongoni usiku kucha. Weka godoro nene, jiwe ni lilelile lakini unalala. Kadiri uvimbe unavyokuwa ndani zaidi, alama yake juu ya ngozi inafifia na kutawanyika, na uvimbe mdogo mgumu ulio karibu unaweza kutoa ramani inayofanana na ya uvimbe mkubwa ulio mbali. Ramani moja, majibu mawili. Njia ya kuyatenganisha ni kugandamiza kidogo, halafu zaidi, halafu zaidi tena, na kutazama namba zinavyobadilika, maana nyama za mwili zina tabia ya kukakamaa kadiri zinavyobanwa, na kila aina hukakamaa kwa mwendo wake. Wauguzi waliofundishwa vizuri hufanya hivyohivyo bila hesabu: kwa nyama za vidole vitatu vya kati, miduara midogo, kwanza juu juu, kisha kati, kisha mpaka mbavu, wakipanda na kushuka kwa mistari ya wima ili pasibaki mahali pasipoguswa.

Huko Arusha nina kikundi cha wanafunzi ninaowasaidia mara kwa mara, na nikawapa kazi ya kuitengeneza gridi yao ya vihisi. Vifaa vyake si vya kuagiza mbali. Unahitaji ile plastiki nyeusi inayopitisha umeme kidogo, ambayo ukinzani wake hupungua ukiibana. Utepe wa shaba uliobandikwa kwa mistari 16 juu na 16 chini, ikikatana. Na Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki, ya kusoma makutano 256. Mgonjwa wetu alikuwa bakuli la jelatini ya dukani, yenye gololi ndani. Ukitaka nyama laini unapunguza unga, ukitaka ngumu unauongeza. Gololi iliyo sentimita moja chini ilionekana vizuri sana, doa jekundu mahali pake. Wakaweka gololi tatu, mbili kwenye mstari mmoja wa gridi na ya tatu kwenye mstari unaomkata mojawapo, kama pembe tatu za mstatili. Kwenye skrini yakatokea madoa manne.

Nilikaa kimya makusudi. Walishangilia kwanza, halafu mmoja akahesabu. Wakapekua jelatini yote kwa vidole wakitafuta gololi ya nne. Ukibonyeza pembe tatu za mstatili kwenye gridi ya namna hiyo, umeme hupita kwa njia ya kuzunguka kupitia zile tatu na kuufikia mstari wa pembe ya nne, na kompyuta inaapa kwamba hapo pamebanwa. Dawa yake inajulikana: mistari yote isiyosomwa kwa wakati huo unaishikilia kwenye volti sifuri ili umeme wa kuzurura usipate pa kwenda. Waliifunga siku hiyohiyo na doa la nne likafa. Lakini nataka msomaji auone ule uvimbe usiokuwepo. Ulikuwa na rangi nzuri na ukingo ulionyooka, na ukiwa hujui umeme huna sababu ya kuutilia shaka.

Kuna na mambo madogo ya kuudhi. Plastiki ile ukishaiachia hairudi hapo hapo kwenye namba yake ya mwanzo, inajivuta. Na asubuhi ya Julai, Arusha ikiwa na ukungu na kila mtu amevaa sweta, namba zake ni tofauti na za mchana wa Februari. Vifaa vya hospitali havitumii plastiki ya bei hiyo. Vingi hutumia bamba mbili nyembamba zenye nafasi katikati. Ukizibana nafasi inapungua na uwezo wake wa kuhifadhi chaji unapanda, na hilo hupimika kwa uthabiti zaidi. Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani, alikwenda njia nyingine kabisa: kipande cha jeli chenye ngozi inayoakisi mwanga upande mmoja na kamera upande mwingine. Unagandamiza, jeli inaumbika, kamera inapiga picha ya umbo hilo. Tangu hapo roboti nyingi zimepewa vidole vya aina hiyo.

Kwenye tiba, jina linalorudi kila mara ni la Armen Sarvazyan, mwanafizikia wa mambo ya uhai aliyefanya kazi Urusi kabla ya kuhamia Marekani, na ambaye maabara yake ya Artann huko New Jersey imetengeneza vifaa vya kupapasia titi, tezi dume na misuli ya nyonga ya wanawake. Hicho cha nyonga kinanigusa. Hapa kwetu akina mama wa vijijini wanaishi miaka na kizazi kinachoshuka, wanabeba ndoo na majani ya ng'ombe kwa kujikaza, na kipimo chao ni kuulizwa tu kama "kinatoka sana au kidogo".

Hata hivyo, sehemu ninayoipenda zaidi ya historia hii imo kwenye sheria. Mwaka 2003 mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa tiba, FDA, ilipokubali kifaa cha kwanza cha kupapasia matiti kwa vihisi, haikukiweka kwenye kundi la vifaa vya kutambua saratani. Ilikifungulia kundi la mifumo ya kuweka kumbukumbu za uvimbe wa titi: kifaa cha kuchora ramani ya uvimbe ambao mtoa huduma tayari ameusikia kwa mkono wake. Hicho tu. Wengine waliona ni kibali cha kinyonge. Mimi nikisoma naona watu walioelewa kazi halisi ya kifaa kuliko watangazaji wake.

Kama kutambua ndiko unakotaka, ndugu zake wapo. Mwaka 1991 Jonathan Ophir na wenzake wa Houston walionyesha kwamba ukipiga ultrasaundi kabla na baada ya kugandamiza kidogo, unaweza kuhesabu nyama ipi imejikunja na ipi imekataa, hata kule ndani ambako vihisi vya juu ya ngozi havisikii. Kwa ini kuna FibroScan: kichwa chake kinagonga ubavu mara moja kwa mtetemo wa hezi 50, kisha ultrasaundi inalifuata wimbi likipita kwenye ini. Kwenye nyama ngumu wimbi linakwenda kasi. Wimbi la mita 1 kwa sekunde ni ugumu wa kilopaskali 3 hivi; likifika mita 2 kwa sekunde ni kilopaskali 12, na hapo daktari anaanza kuuliza habari za pombe na homa ya ini. Ni mashine nzuri sana. Ni mashine pia ambazo nikiitwa kuzitengeneza, kwanza nauliza kama kuna bajeti ya kipuri.

Sasa je, kupapasa kwenyewe kunaokoa mtu? Swali hili limejibiwa kwa jasho jingi. Mumbai, kuanzia mwaka 1998, wanawake 151,538 wa umri wa miaka 35 hadi 64 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likawa linachunguzwa matiti kwa mikono ya wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake waliofundishwa kazi hiyo, kila baada ya miaka miwili. Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2021. Saratani zilikutwa zikiwa hatua za mapema zaidi, na kwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea vifo vya saratani ya titi vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya miaka 50 faida haikuonekana. Kabla ya hapo, Shanghai, wanawake 266,064 wa viwandani walihusishwa kwenye utafiti wa kufundishwa kujipapasa wenyewe, na matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba kufundishwa huko hakukupunguza vifo, ila kuliongeza idadi ya waliokatwa nyama kupimwa na kukutwa hawana kitu.

Kwangu hesabu hizo mbili zinasema mengi. Mkono wa mtu aliyefundishwa, unaorudi kwa ratiba, una thamani yake. Na uvimbe mgumu si lazima uwe saratani: mabinti wengi wana vinundu vinavyoteleza chini ya kidole, vigumu kama raba, visivyo na madhara. Zipo pia saratani laini, na zipo zile changa zilizo ndani ya vijifereji vya maziwa ambazo hazishikiki kabisa. Ramani ya ugumu haitamaliza ubishi huo. Anayeumaliza ni mtu wa patholojia, akiwa na kipande cha nyama kwenye darubini.

Ndiyo maana nina hofu na rangi. Sisi ni watu wa picha. Mgonjwa akishikwa tu na daktari akaandikiwa dawa, nyumbani atasema hajatibiwa. "Wamenishikashika tu, hata picha hawajanipiga." Akirudi na bahasha kubwa ya kahawia kutoka chumba cha eksirei, hata kama hakuna aliyeisoma, ukoo mzima unatulia. Mpe mtu huyo ramani yenye doa jekundu kwenye simu ya muuguzi na utamkosesha usingizi bure. Mpe ramani ya buluu na huenda asirudi tena mpaka titi litoke kidonda. Nchini kwetu saratani ya titi ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi wao hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Hatuna nafasi ya kuwapa watu sababu mpya ya kukaa nyumbani. Kama kifaa hiki kitakuja zahanati, ningependa skrini yake isimwonyeshe mgonjwa kitu. Ramani iende kwenye faili, na muuguzi aseme kwa mdomo wake.

Ujerumani wana jambo ambalo limenifundisha zaidi ya vifaa vyote nilivyovitaja. Daktari wa wanawake Frank Hoffmann alianzisha mpango wa kufundisha wanawake wasioona kuchunguza matiti. Mtu aliyezoea kusoma kwa vidole ana umakini wa mguso ambao wengi wetu hatujawahi kuuhitaji. Mchunguzi anambandikia mgonjwa tepu zenye alama za kupapaswa, titi linagawanyika kwa mistari, na anapokuta kitu anajua ni mahali gani hasa, anaandika, daktari anapokea. Tepu, vidole na daftari. Nikikumbuka Shule ya Msingi Mwereni hapa Moshi, ambako watoto wasioona wanasoma darasa moja na wenzao, najiuliza kwa nini orodha ya kazi tunazowatajia wakimaliza shule ni fupi vile.

Gridi ya wanafunzi wangu haijamgusa mtu na haitamgusa karibuni. Kuna kibali cha maadili ya utafiti cha kuomba, kuna TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, na kuna ukweli kwamba jelatini hailalamiki. Ila niliipakia kwenye begi nikampelekea mkunga wa Kibosho, pamoja na bakuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Ndiyo hiyo mashine?"

Nikamwambia ndiyo hiyo. Aliiweka juu ya jelatini, akagandamiza kwa kiganja, akatazama doa likitokea kwenye kompyuta. Akaitoa, akapapasa kwa vidole, akaikuta gololi upesi kuliko kompyuta ilivyochora. Halikumshangaza hilo wala mimi. Akauliza maswali mawili tu. La kwanza: hiyo picha, yule mama akienda hospitali ya KCMC, wao wataiona? Nikamjibu kwamba hilo ndilo kusudi. La pili lilinifanya nifungue daftari.

"Na mkono wake ulikuwa wapi?"

"Mkono wa nani, mama?"

"Wa mgonjwa. Akiinua mkono nyuma ya kichwa, titi linalala bapa, uvimbe unahama. Akiketi unashuka. Na akiwa karibu na siku zake titi zima lina mabonge. Mashine yako imeandika hayo?"

Haikuwa imeandika. Wanafunzi hivi sasa wanaongeza vitufe kwenye programu: amelala au ameketi, mkono juu au chini, siku ya ngapi tangu hedhi ianze, mgandamizo ulikuwa kiasi gani. Mtu akisahau kimojawapo, ramani haitajihifadhi. Na suala la saa tumelimaliza kwa kuifuta kabisa. Kwenye skrini kuna mchoro wa matiti mawili, mstari wa kwapa umewekwa wazi kila upande, na muuguzi anagusa mahali alipousikia uvimbe.